Picha kumi na moja za ndege

Mke wangu ndiye aliyemwona kwanza. Nilikuwa nimemsindikiza ziwani kufua, kwa sababu siku hizo blanketi likilowa lilikuwa zito kwake.

"Papa watoto, angalia kule."

Kwenye maji machache, karibu na mawe meusi, alisimama ndege mrefu wa rangi ya waridi, shingo imepinda kama mpini wa mwavuli. Nimekulia Goma na sikuwa nimewahi kumwona ndege wa namna hiyo. Baadaye jirani yetu dereva, ambaye ukoo wake ulitoka pwani, aliniambia anaitwa heroe, na kwamba huku kwetu hana kawaida ya kufika. Labda upepo ulimpoteza.

Nikatoa simu. Ikakataa: imejaa. Nikafungua picha zilizokuwamo. Nyingi zilikuwa za mke wangu, akitwanga majani ya sombe, akicheka na kufunika mdomo, akiwa na kitenge cha Noeli. Zilikuwamo pia video zangu za mpira. Hizo sikuzigusa.

"Nifute hizi zako?"

"Futa tu. Miye niko hapa kila siku. Ule ni mugeni, kesho ataenda."

Ndivyo alivyosema. Lakini nilipomwuliza, tayari kidole changu kilikuwa kimeshazichagua.

Nikaanza kumnyemelea ndege, nimeinama. Wanawake waliokuwa wakifua wakacheka.

"Papa, leo ni ule ndege atakupikia?"

"Mumuache," mke wangu akawajibu. "Hata siku ya ndoa yetu hakuniangalia vile."

Nami nikacheka. Kisha nikamwambia asitikisike, asije akamfukuza. Akasimama na blanketi bichi mikononi, maji yakimchuruzika miguuni, mpaka nikamaliza. Picha kumi na moja. Ndege akaruka kuelekea kisiwa cha Idjwi, na mke wangu akaendelea kukamua.

Miezi miwili baadaye, tension, ile presha ya damu, ilimchukua mke wangu ndani ya siku nne.

Kwetu, juu ya sanduku la maiti huwekwa picha ya marehemu katika fremu, ili watu wamwone wanayemlilia. Picha za ndoa yetu ziliungua pamoja na nyumba, lava ilipotushukia. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuwa amefika kutoka Kalengera na simu yake ndogo ya vitufe, isiyopiga picha. Akaniomba yangu. Nilimwona akipitisha kidole: ndege, ndege, mpira, ndege.

"Za dada ziko wapi?"

"Simu ilijifuta yenyewe," nikasema.

Akanirudishia. Tukachukua kadi ya uchaguzi ya mke wangu, tukaipeleka ikuzwe. Wino wa kadi ulikuwa umefifia. Ilirudi kivuli cha kijivu chenye masikio mawili, na ndicho tulichoweka juu ya sanduku. Mama mmoja wa kanisani aliinama kukitazama, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ni msiba wa mwanamke au wa mwanamume. Nilisikia. Nikaangalia chini.

Nilikaa na uongo ule karibu mwaka mzima. Mwezi uliopita nilipanda gari hadi Kalengera. Nilimkuta shemeji akipepeta maharagwe. Sikungoja kukaribishwa kiti.

"Shemeji, simu haikujifuta. Ni miye nilifuta, juu ya ndege."

Aliendelea kupepeta.

"Nilijua," akasema. "Dada alinipigia siku ile ile. Alicheka mpaka salio likamwishia. Alisema, bwana yangu amenifuta juu ya kuku ya mu maji."

"Na kwa matanga ulinyamaza?"

"Ningesema nini? Ulikuwa unalia."

Akaweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Uko naye bado, ule ndege?"

"Niko naye."

"Lete nione kitu chenye dada alikuwa anacheka."

Nikampa simu. Alizitazama zote kumi na moja, polepole, kisha akarudia tangu ya kwanza. Aliniuliza dada yake alikuwa amesimama upande gani. Nikamwonyesha, nje kidogo ya picha, mkono wa kushoto.

Akaweka kidole chake pale, pembeni mwa simu, akakiacha hapo.