Kidole cha Shangazi

Juzi, mtaani Hamugembe, nilimwona mlinzi akiongea kwenye redio ya upepo ya mkononi. Kila alipomaliza, aliachia kitufe asikie jibu. Nilisimama kama niliyepigwa kofi.

Baba mdogo alikuwa amechagua mbili kama hiyo, zenye sauti kubwa kuliko zote dukani: moja ikae kwetu Izigo, nyingine kisiwani kwa mkewe, aliyekuwa akinunua samaki. Mchana Baba mdogo alipofariki, uani kunanuka kahawa iliyoanikwa, Shangazi aliinyakua yetu akafoka:

“Umemuua mdogo wangu kwa ugonjwa wako! Usikanyage mazishini!”

“Mbona hajibu?” niliuliza.

“Muuaji atajibu nini?”

Nikaamini, nikamchukia mama mdogo mpaka akafa. Kumbe Shangazi hakukiachia kile kitufe hata mara moja.