Kope na Pasi

Dada yangu hajui kusamehe, na mimi simlaumu. Miaka kumi na mmoja amelea mayai kwenye kituo cha kutotoa vifaranga ninapofagia, na kipimajoto chake ni kope. Analaza yai juu ya jicho alilolifumba, anasema limepoa au liko sawa. Hakukosea hata siku moja.

Halafu msimamizi, tuliyemwita bwana mashati, akaanza kumtuma sokoni kila mchana. Akirudi, kope inamwambia mayai yamepoa. Msimamizi anamjibu jicho lake limezeeka.

Mayai mia nne yakaharibika. Mbele ya bosi na sisi wote, msimamizi akamwamuru ayavunje nyuma ya jengo, moja moja, mikono mitupu. Bosi akaongeza kwamba yakiharibika mengine, kazi hana. Jioni dada hakula. Aliniambia, "Atayavunja na yeye, mdogo wangu. Nakuapia."

Akaenda kwa fundi redio, akanunua bodi ndogo ya kielektroniki ya kujifunzia na kihisi joto cha miguu mitatu. Mguu mmoja unapokea umeme, mwingine unaurudisha, wa katikati unatoa volti zinazopanda kadiri joto linavyopanda, na bodi inazigeuza kuwa nyuzi za joto. Mara ya kwanza alikichomeka kinyume, kikamuunguza kidole. Akanunua cha pili, kikasoma vizuri, lakini hakukiamini mpaka alipokilinganisha na kope yake.

Akakificha katikati ya mayai, ndani ya mashine ya kutotolea. Bodi ikakaa ndani ya boksi la viatu, ikila betri na kuandika joto kila dakika kwenye kadi ya kumbukumbu.

Wiki tatu baadaye mayai mengine yakafa. Bosi akatuita. Dada akafungua kadi kwenye kompyuta ya ofisi: kila siku saa saba mchana joto linaporomoka kutoka thelathini na saba na nusu hadi ishirini na tisa, linapanda tena saa kumi. Akauliza nani hubaki humu saa hizo. Mimi nikaonyesha soketi ya mashine, na pasi ya msimamizi iliyokuwa chini yake. Kumbe huwa anachomoa mashine, ananyoosha mashati yake, anasahau kuichomeka tena mpaka saa kumi.

Bosi alitaka kumfukuza palepale.

"Subiri kwanza, bosi," dada akasema. "Ayavunje."

Akavuta kiti, akakaa, akamnyima glavu. Nilimwonea huruma? Thubutu. Yai la tatu lilimpasukia kifuani, kwenye shati lililonyooka vizuri, na yalikuwa yamebaki mia tatu na kitu.