Katiba Juu ya Cherehani

Baba yangu alikuwa fundi wa nguo mjini Nakuru, na sijui karatasi aliyoipenda kama katiba mpya ya India. Sisi watoto tulizaliwa hapa; India tuliijua kwa magazeti yaliyofika na meli yakiwa yamekwisha kuchakaa. Lakini kila Januari, Wahindi wa mji walipokusanyika ukumbini kuadhimisha jamhuri, yeye ndiye aliyesimama kusoma sehemu aliyoiita moyo wa katiba, ile miongozo ya taifa. Serikali itajitahidi kila mtoto asome bure hadi atimize miaka kumi na minne. Itajitahidi mfanyakazi apate ujira wa kumtosha. Kabla ya maneno hayo matamu kulikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba hakuna mahakama itakayoweza kuyalazimisha. Hiyo aliisoma mbiombio, kama mtu anayeruka dimbwi.

"Bapuji, kama mahakama haiwezi, nani ataweza?" nilimwuliza tukirudi nyumbani.

"Aibu, beta," alinijibu, yaani mwanangu. "Mwenye kuona aibu hahitaji hakimu."

Jibu hilo lilimpendeza mwenyewe hata akaitungia nyumba yetu katiba. Aliiandika kwa Kigujarati, akaibandika ukutani juu ya cherehani: nyumba hii itajitahidi kila mtoto wake, wa kiume na wa kike, asome hadi miaka kumi na minne. Juu yake akainakili pia ile sentensi ya mahakama, kwa sababu, alisema, katiba hainyofolewi. Mama alicheka. Mimi, binti yake, niliamini kila neno, maana nilitaka kuwa mwalimu.

Mwaka uliofuata mama alijifungua, akaugua, wala hakuinuka tena vizuri. Kazi ya kushona vifungo ilikuwa yake. Asubuhi moja, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba akaniambia nisivae sare ya shule. Kaka yangu, aliyenizidi umri nami nikimzidi akili (Mungu anisamehe, lakini ndivyo), alikuwa keshatoka na mkoba wake.

Nilisimama mbele ya ukuta nikamsomea baba maneno yake. Sikupiga kelele, nilidhani sheria haihitaji kelele. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akainua mkasi, akauelekeza kwenye mstari wa juu, akausoma, safari hii polepole.

"Tulisema tutajitahidi, beta. Tumejitahidi."

Heri angenipiga. Kofi lina maumivu yake, lakini huisha. Nilikata tamaa pale pale, na sehemu kubwa ya tamaa hiyo haijanirudia hadi leo.

Januari ilipofika alisimama tena ukumbini. Mimi nilipewa kazi ya kugawa ladu, zile tamutamu zetu za sherehe. Alipofika kwenye watoto na shule, sauti ilimtetemeka kwa uchungu wa kweli, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Kaka yangu alipiga kuliko wote, ndani ya koti nililolishonea vifungo. Baba alinitazama, akainamisha macho, akaendelea kusoma. Mimi sikupiga makofi. Mikono yangu ilikuwa imeshika sinia.