Tone Jeusi Kwenye Supu

Mpaka leo sinywi supu. Wajukuu wananicheka, wanasema shosho ana maringo. Si maringo. Ni chimni.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nimeolewa juzi tu, nikifanya kazi ya jikoni kwa mzungu mwenye shamba la pareto upande wa Molo. Majina yao wote ninayo kichwani, hata ya mbwa wawili, lakini siyaandiki. Huko Molo jua hutoka kama mgeni asiyetaka kuketi. Ukungu unaingia mpaka jikoni, nguo hazikauki, chumvi inalia ndani ya kopo. Na kuni tulizopewa zilikuwa sipresi mbichi. Ukizitia motoni zinatoa povu.

Moshi wa kuni kama hizo hautoki vizuri. Unapanda chimni, lile bomba la mawe la kutolea moshi, unakutana na mawe baridi, unageuka jasho. Masizi yananyonya hilo jasho, yanavimba, yananuka kama beberu aliyenyeshewa. Kwa hivyo kila mwezi ilikuwa lazima kusafisha. Unapanda juu ya paa na kamba iliyofungwa jiwe na matawi ya leleshwa, unaiteremsha ndani, unasugua juu chini. Halafu unashuka, unafungua kidirisha cha chuma kilichoko chini ukutani, unazoa uchafu kwa gunia.

Mpishi alikuwa mzee wa kutoka magharibi, aliyekuwa ameipikia nyumba ile miaka mingi kabla yangu. Asubuhi moja ya mvua akaniambia, "Msichana, leo chimni. Juu kwanza, chini baadaye."

"Nimesikia, mzee."

Sikupanda. Nilifungua kidirisha, nikatia mkono hadi kwapani. Vidole vikaingia kwenye kitu laini. Nikavuta. Ndege, wawili au watatu, sikuweza kujua, maana walikuwa wameshikana kwa masizi yaliyogeuka lami, na funza wanatembea kati yao. Maji meusi yakanitiririka mpaka kifuani. Nilitapika papo hapo ndani ya gunia, nikawarudisha ndege wale kwa ncha ya mwiko, nikafunga kidirisha.

Kinyaa ndicho kilichonishinda, sitadanganya. Lakini pia nilijipa sababu. Kwetu masizi hayakwanguliwi. Mama alitufundisha kwamba nyumba yenye masizi juu haina mchwa, mahindi ya mbegu unayaning'iniza pale na wadudu hawayagusi, na nyumba isiyo na masizi ni nyumba isiyopika. Nikasema, basi chimni ya mzungu nayo wacha ijilinde.

Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Mchana mpishi akapeleka mezani supu ya viazi, nyeupe kwa maziwa. Mara memsahib, mke wa yule mzungu, akaingia jikoni na sahani mkononi. Katikati ya ile supu kulikuwa na utando mweusi unaong'aa.

"Nini hii? Wewe naweka nini kwa supu?"

"Viazi na maziwa, memsahib," mzee akajibu.

"Hii sumu! Wewe nataka kuua sisi! Mimi naita polisi!"

Ilikuwa wakati wa hali ya hatari. Neno sumu likitoka mdomoni mwa memsahib, mpishi haulizwi la pili, anapandishwa lori. Wengine hatukuwaona tena. Mzee aliweka mwiko chini polepole, akanitazama.

Nikaangalia ukuta. Pale bomba la jiko linapoingia kwenye chimni, mstari mweusi ulikuwa unateremka kama konokono. Tone likavimba, likaanguka kwenye sufuria.

"Si yeye, memsahib. Ni chimni. Sikusafisha."

"Wewe nasema uongo, nasaidia yeye!"

Nikakinga kidole chini ya lile bomba. Nikalamba. Nikakinga tena, nikalamba tena, kwa sababu alikuwa bado hajaamini. Ilikuwa chungu kuliko muarubaini, ina mafuta, inashika meno. Na mimi nilijua ni nini kilikuwa kinaozea kule ndani. Nikameza.

Memsahib alisimama anangoja nianguke.

"Akifa, memsahib," mzee akasema, "nipe ruhusa nimzike kwanza. Polisi wangoje kidogo."

Sikuanguka. Nilitabasamu ili aone mdomo mtupu, na meno yangu yote yalikuwa meusi. Memsahib akaziba mdomo wake kwa mkono. "Safisha! Leo!" akatoka mbio.

Nilipanda paa mvua ikininyeshea. Mzee alikuwa chini na gunia, akaniita kupitia ndani ya chimni. "Uko hai?"

"Niko, mzee!"

"Basi sugua. Na ukishuka usinikaribie, unanuka!"

Yalitoka magunia mawili. Jioni akapika supu nyingine, akanipimia bakuli la kwanza kabla ya wazungu, akanipa kwa mikono miwili. Niliinua kijiko mara tatu. Mara tatu nikaona wale ndege.

Mzee hakukasirika. Alilichukua bakuli, akaenda nalo mlangoni, akawaita wale mbwa wawili kwa majina yao.