Wamelitua Mzigo Njiani

Mama yangu hajawahi kuielewa kazi yangu, na mimi sijawahi kuieleza vizuri. Huwaambia majirani zetu hapa Tabora kwamba natengeneza mabati ya chombo cha angani, na kila nikirudi likizo hakosekani mtu wa kuniuliza kama geji thelathini inafaa kuezekea. Nimeshachoka kucheka.

Ninachosanifu ni mabamba ya kukinga joto. Chombo kikirudi kutoka angani husuguana na hewa mpaka upande wake wa chini unawaka. Kwa kawaida bamba huwa kama koti tu: nyuma yake kuna fremu ya chuma, na fremu ndiyo inayobeba uzito na mshindo wote. Langu lilikuwa la aina nyingine. Lilisukwa kwa nyuzi za kaboni ili likinge joto na libebe mzigo lenyewe, bila fremu. Pembe zake zilinitesa. Uso wa nje ukipata moto unatanuka, wa ndani bado wa baridi, basi kwenye matundu ya boliti linapasuka. Lilipasuka mpaka nikawa nausikia ule mlio hata nikiwa naoga. Nikabadilisha msuko wa pembeni, likaacha. Likaingizwa kwenye tanuri huku limekandamizwa kwa uzito wote linaotakiwa kuubeba, likatoka zima.

Jumamosi ya likizo hii mkuu wangu wa kazi alinipigia kwa video. Nilikaa barazani, ndiko mtandao unakoshika. Akaniambia kwa upole kwamba kikao kimeamua kuweka fremu nyuma ya bamba, kwa tahadhari. Nikamuuliza jaribio lilikuwa na kasoro gani. Hakuna, akasema. Sasa fremu ya nini? Akasema wakubwa watakuwa na amani zaidi. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto, lakini nikajibu "sawa", maana ndivyo tulivyolelewa kumjibu mkubwa.

Mama alikuwa pembeni akichambua karanga.

"Wamesemaje?"

"Wamelitua mzigo bamba langu."

Uso wake ukachanua. "Afadhali. Mungu awabariki."

Nusura nilie. Kwetu mtu akija na ndoo kichwani unamkimbilia umtue, na asiyefanya hivyo anaonekana hana adabu. Mama alidhani nimemletea habari ya wema. Kosa ni langu, lakini neno jingine halikunijia.

"Na chombo chenyewe kitatua lini?" akauliza.

"Mwakani," nikasema, nikaingia ndani.

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya mavuno kanisani. Mama alijitwika ndoo ya karanga juu ya ngata ya kitenge, tukaifuata ile barabara ambayo zamani misafara ilipita kwenda Ujiji, na Wanyamwezi wenzetu wakiwa ndio wapagazi. Nilimfuata nyuma nimenuna. Tulipokaribia kanisa nikaona hatua zake zinafupika, shingo inatetemeka. Nikanyoosha mikono.

"Mama, nikutue."

Akanipiga kofi mkononi. "Niache. Nimeitoa nyumbani mpaka hapa, unitue mlangoni watu waseme nimebebewa?"

"Umechoka, Mama."

"Nimechoka. Sijashindwa."

Nilisimama katikati ya barabara. Bajaji ikanipigia honi, nikasogea.

"Hicho ndicho walichonifanyia jana," nikamwambia nilipomfikia. "Bamba langu halikushindwa. Wamelitua njiani."

Hakugeuka, kwa sababu ya ndoo. Tulitembea mpaka kwenye ngazi za kanisa.

"Basi wamekosea," akasema, akaingia.

Ndoo aliifikisha mbele ya madhabahu. Pale ndipo alipowaruhusu akina mama wawili wamtue, na akarudi kukaa karibu nami huku akijifuta jasho kwa ile ngata. Sikusikia neno hata moja la mahubiri.

Fremu imeshaagizwa. Mwakani chombo kitatua salama, watu watapiga makofi, na bamba langu litakuwa limefika bila kubeba kitu. Kwamba lingeweza, tunajua mimi na Mama.