Usukani Uliogeuka Peke Yake

Siku ile uani kwa fundi, kule Aston, hapa Birmingham, tulikuwa watu watano. Mimi mwenyewe. Binti yangu, kifungua mimba wangu, ambaye ni muuguzi. Mume wake, yaani mkwe wangu, Mkongo wa Lubumbashi, dereva wa basi. Mjukuu wangu wa kike, mtoto wao wa pekee, anayesikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza. Na fundi, Msomali aliyekulia Nairobi, anayekaa Small Heath, ambaye mkwe wangu alimjua kwa kumbeba kwenye basi kila asubuhi.

Wa sita alikuwa marehemu mume wangu. Huyo sijui kama nimhesabu.

Majina yao yote ninayo. Sikusoma sana, niliishia darasa la tatu, kwa hiyo kila kitu nilikiweka kichwani, mpaka jina la mwalimu wa hilo darasa la tatu na jina la mbwa wake. Lakini binti yangu ameniomba nisiandike jina la mtu yeyote, nami nimeyaacha.

Tulifika pale kwa sababu yangu. Mkwe wangu alikuwa amenunua motohomu, lile gari kubwa ambalo ndani yake ni nyumba kabisa: kitanda, jiko, choo, meza ya kulia. Sisi tuliiita Nyumba tu. Wakasema wanipeleke Wales nikaone bahari. Nikasema siendi. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe. Si chuki, ni heshima. Nimeacha mengi tangu nije Birmingham, nakula chakula cha kwenye boksi, navaa suruali ndani ya gauni wakati wa baridi, lakini hilo sijaliacha.

"Mama, kuna pazia katikati," binti yangu akasema.

"Pazia si ukuta."

"Basi tuseme hujui kama analala humo."

"Anakoroma, mwanangu. Nimemsikia kupitia simu."

Mkwe wangu mwenyewe hakucheka. Hata kwao heshima hiyo wanaijua. Alikaa siku mbili akifikiri, kisha akaja na jibu, akiongea huku anaangalia pembeni kama anavyofanya daima akizungumza nami. Nyumba ni kubwa mno kwa vijia vya Wales, akasema. Wenye motohomu hufunga gari dogo nyuma, likavutwa kwa chuma mpaka wanakokwenda, wakifika wanalifungua na kulitumia kwenda dukani. "Tutatafuta motokari ya viti vya kulala, Mama. Utalala mule. Iko na paa yake."

Gari lenye paa lake ni nyumba nyingine. Nikakubali, nikajisikia kama bibi harusi anayetafutiwa chumba.

Kumbe hawakuniambia yote. Tulipoingia uani kwa fundi niliona magari matatu yamepangwa. La kwanza la buluu, zuri, linang'aa. La pili dogo kama kiatu, la viti viwili. La tatu lilikuwa la mume wangu.

Lilikuwa limekaa mbele ya nyumba yetu tangu alipofariki, na mkwe wangu alikuwa amelitoa asubuhi ile wakati mimi niko bafuni. Binti yangu alinishika kiwiko. "Ni la bure, Mama, na ni la Baba. Fikiria, Baba anasafiri na sisi."

Alisema kwa furaha. Sikuweza kumwambia kwamba tangu siku ile ya kifo sijalifungua mlango, na kwamba nikienda kutupa taka nilikuwa nazunguka kwa upande wa jirani nisipite mbele ya kioo chake.

Nikaanza kusifu lile la buluu. Nikalisifu kama anayeuza ng'ombe. Rangi yake, viti vyake, harufu yake.

Fundi akatikisa kichwa. "Mama, hiyo ni otomatiki. Ukiivuta magurudumu yakizunguka na injini imezimwa, mafuta hayafiki kwenye gia. Kabla hujafika Wales imeungua."

"Basi hili kiatu."

"Hiyo ni nyepesi, inavutika. Lakini utalala wapi? Kiti chake hakilali."

"Mimi ni mfupi."

"Mama, hata mfupi anahitaji kunyoosha miguu. Ingia ujaribu."

Nikaingia. Magoti yangu yakagusa kidevu. Mjukuu wangu akapiga picha na akacheka mpaka akachuchumaa. Fundi naye akacheka. "Ukilala humo, asubuhi tutakutoa na spana."

Likabaki moja. Lilikuwa na kila kitu: gia za mkono, uzito mdogo, viti vinavyolala mpaka nyuma. Mume wangu alikuwa akilitunza kuliko sisi wote. Nikasema limezeeka. Fundi akafungua boneti, akasema injini safi kuliko yake. Nikasema breki. Akasema breki atazifunga mpya, na zitaunganishwa na za Nyumba, Nyumba ikikanyaga nalo linakanyaga. Sababu zangu zikaisha moja moja, na mkwe wangu, ambaye si mjinga, akaanza kunitazama, jambo ambalo halifanyi kamwe.

"Hebu tulijaribu kwanza," akasema. "Round moja tu."

Fundi akalifunga nyuma ya Nyumba kwa chuma chenye miguu miwili. Akabandika namba ya Nyumba juu ya namba ya gari la mume wangu, maana ndiyo sheria, nami nikaona ile namba niliyoijua kwa moyo inafunikwa kama uso wa maiti. Kisha akaingiza ufunguo, akauzungusha kidogo, akauacha humo humo.

"Mbona unauacha?" nikauliza.

"Usukani usijifunge, Mama. Lazima uwe huru. Magurudumu yakikata kona, usukani unazunguka wenyewe."

Nilipanda Nyumba nikakaa kiti cha nyuma kabisa, kile kinachotazama dirisha la nyuma. Mkwe wangu, fundi akiwa kando yake, akaondoa gari polepole, tukatoka uani, tukapita zile nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Kwenye kona ya kwanza nikainua macho.

Usukani ukageuka kushoto. Taratibu, kwa adabu, kama alivyokuwa akigeuza yeye. Ukarudi katikati. Kona nyingine, ukageuka kulia. Kiti kitupu, mikono haipo, na bado gari linatufuata hatua kwa hatua, halisogei karibu wala halibaki nyuma.

"Shosho, look, no driver!" mjukuu wangu akasema kwa furaha, eti nitazame, halina dereva.

Mvua ikaanza. Nikapiga kelele, "Simamisha!"

Mkwe wangu akasimama kando ya barabara. Nikashuka kwenye mvua, nikaenda kwenye gari la mume wangu, nikafungua mlango wa abiria na kukaa mahali pangu. Binti yangu akanifuata mbio akidhani naumwa. Akazunguka, akaingia upande wa dereva. Mkwe wangu, fundi na mjukuu wakabaki ndani ya Nyumba. Binti yangu akaweka mikono yake kwenye usukani.

Hapo nikamwambia. Naandika hapa kama nilivyomwambia, nisije nikajisahihisha kwa kujionea huruma.

Watu wote walijua kwamba nilikwenda dukani High Street ya Kings Heath, nikarudi nikamkuta mume wangu amefariki ndani ya gari, nikapiga mayowe. Hivyo ndivyo nilivyosema msibani, na hivyo ndivyo mchungaji alivyosema makaburini. Sivyo.

Nilimwambia naingia dakika tano, nanunua ndizi za kupika. Mbele ya duka nikakutana na mwanamke wa kwetu ambaye sikumwona siku nyingi, tukasimama chini ya turubai tukaongea habari za harusi ya mwanawe. Tukaongea sana. Mvua ilikuwa inanyesha kama hii. Niliporudi, gari lilikuwa linanguruma, vifuta kioo vinakwenda na kurudi, na yeye amekaa mikono kwenye usukani, anatazama mbele.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akinuna. Miaka yote ya ndoa yetu mume wangu hakunipigia kelele hata mara moja. Akikasirika alishika usukani, akatazama mbele, akanyamaza mpaka mimi nianze. Mimi nami nilikuwa na jeuri yangu: sikuanza.

Nikaingia, nikafunga mlango kwa nguvu. Nikasema, "Haya, nuna." Nikaweka ndizi miguuni. Nikageuza uso kwenye dirisha langu, nikanuna na mimi.

Tulikaa hivyo. Nilihesabu mabasi, yakapita manne. Nikawaza, leo safari hii hanishindi. Basi la nne lilipopita nikageuka nimwambie yaishe, nikaona mdomo wake umebaki wazi.

"Sijui kama alikuwa ameshakwenda nilipoingia," nikamwambia binti yangu, "au alikuwa anakwenda wakati nimemgeuzia kisogo."

Binti yangu alikuwa anatazama mbele, mikono kwenye usukani, kama babake hasa, hata namna ya kubana dole gumba. Mvua ikazidi kwenye kioo. Kisha akauliza, kwa sauti ile ya kazini kwake, "Ulimgusa? Alikuwa wa moto au wa baridi?"

"Sikumgusa kabla ya basi la nne."

"Na baada yake?"

"Nilikuwa na glavu."

Akarudisha macho kwenye kioo. Nikaona ile hali inakuja, ile ya zamani: yeye kimya, mimi kimya, nani aanze. Nikavua glavu. Nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake pale kwenye usukani. Ulikuwa wa moto.

"Usininunie," nikasema. "Nitukane, lakini usininunie."

Alilia. Hakunitukana na hakuniambia kwamba nimesamehewa, na sikumwomba aseme. Baada ya muda akafuta uso kwa mkono wake mwingine, akashusha kioo, akamwita mumewe kwenye mvua. "Mwambie fundi asilifungue. Tunakwenda na hili."

Tulikwenda Wales. Nililala ndani yake usiku zote tatu, kiti cha abiria kimelazwa, paa langu juu yangu. Kiti cha dereva sikukilaza. Na safarini, kwenda na kurudi, nilikaa dirisha la nyuma. Mjukuu wangu aliniuliza kama siogopi. Nilimwambia naogopa. Lakini safari hii simgeuzii kisogo.

Sasa ninyi niliowataja katika habari hizi, someni. Kama nimekosea rangi ya gari, au ni nani aliyeketi wapi, mnisahihishe, sitakasirika. Mkwe wangu anasema mvua haikuwa kubwa hivyo. Fundi anasema nilikaa kwenye gari nusu saa, mimi nasema kidogo tu.

Ila kuna mmoja ambaye namwomba hasa. Wewe dada wa kwetu tuliyesimama nawe chini ya turubai tukaongea harusi ya mwanao: jina lako ninalo, la mwanao ninalo, hata la bibi harusi. Jambo moja tu sina. Uliangalia saa yako wakati tunaagana, nilikuona. Mimi nimekuwa nikisema tulisimama dakika kumi. Kama ni zaidi, tafadhali niambie.