Muwa Wenye Majani Yake

Mke wangu alipokuwa na mimba ya kwanza, hakuna kilichokaa tumboni. Uji, ndizi, hata maji, vyote vilirudi. Alikonda mpaka nikawa naogopa kumtazama. Asubuhi moja, amejilaza mkekani hapa kwetu Handeni, akasema labda angeweza kula muwa. Mama yake, aliyekuja kumuuguza, akapiga vigelegele. Mimi nikainuka kwenda sokoni.

"Si huo uliomenywa ukatiwa kwenye mfuko," mke wangu akaniambia. "Nataka wa nyumbani kwetu, Kwashemshi. Na uje na majani yake, nijue hukuununua stendi."

Ndiyo imani yote aliyokuwa nayo kwangu. Nikaenda Kwashemshi, kule milimani Korogwe, nikakatiwa miwa mitatu mirefu kuliko mimi, na majani nikayalinda kama cheti cha ndoa. Ndani ya basi kila aliyeshuka yalimpiga usoni, akanisonya. Nikavumilia.

Stendi ya Handeni nikapanda bodaboda, miwa begani, majani yakipepea nyuma. Karibu na nyumbani tukakuta ng'ombe wanavuka barabara, dereva akasimama. Nikahisi navutwa. Kugeuka, ng'ombe mmoja mwenye pembe pana keshameza majani na sasa anaifuata miwa yenyewe. Nikavuta. Akavuta. Nikaanguka chali, na wenzake wawili wakaja kumsaidia.

"Achia, bwana!" Mmasai mwenye ng'ombe akapiga kelele. "Huyo hana adabu!"

"Mke wangu ana mimba!" nikamjibu, kana kwamba ng'ombe angeona haya.

Nilifika nyumbani na pingili moja, shati limelowa mate. Mke wangu akaitazama pingili, kisha akanitazama mimi.

"Majani yako wapi?"

Nikaeleza habari za ng'ombe. Hakuniamini hata kidogo, lakini akaimenya kwa meno, akatafuna, akameza maji yake, akatema makapi. Mimi na mama mkwe tukalikodolea macho koo lake. Tukangoja. Hakutapika. Tukangoja tena. Akajifuta mdomo.

"Kesho kalete mwingine," akasema.

Nikaangua kilio mbele ya mama mkwe, aibu ambayo kwetu haina mfano. Yeye, kwa heshima, akanipa mgongo na kuanza kuita kuku waliokuwa tayari miguuni pake.